Haidrojeli ya kidonda: ya tyubu inunue, ya kipande ina masharti

Kazi ya haidrojeli ni kukipa kidonda maji, basi. Ndani yake kuna nyuzi za polima zilizoshika maji, mara nyingi asilimia 70 hadi 90 ya uzito wake. Kigaga kikavu kikilowa hulegea chenyewe, na ngozi changa hupata pa kutambaa. Mtafiti George Winter alilionyesha hilo kwa nguruwe mwaka 1962: kidonda kilichotunziwa unyevu kiliota ngozi karibu mara mbili kwa haraka kuliko kilichoachwa wazi kikakauka. Anayepaka jivii (GV, ile dawa ya zambarau) kila siku mpaka kidonda kiwe kama gome anakwenda kinyume kabisa.

Tuanze na ya tyubu. Osha kidonda kwa maji ya dripu ya chumvi au maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha pembeni tu, kisha jaza jeli unene wa milimita 5. Isipande kwenye ngozi nzima. Huku kwetu kwenye joto, jasho peke yake linatosha kuilowesha ngozi hiyo, na ukiona kingo zimekuwa nyeupe zimekunjamana kama vidole vya mfuaji, umezidisha. Kidonda cha sentimita 3 kwa 3 kinakula gramu 4 au 5. IntraSite, kwa mfano, ambayo ni jina la jeli mojawapo ya dukani, hutoka kwa pakiti za gramu 8, 15 na 25, nayo ni ya kutumia mara moja, kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo usishawishiwe na pakiti kubwa.

Kosa linaloharibu kazi ni kufunika jeli kwa gozi kavu, yaani kitambaa chepesi cha kufungia kidonda. Gozi hunyonya maji yote, na kesho yake inabanduka na nyama mpya. Weka kwanza gozi yenye mafuta, ndipo gozi ya kawaida juu. Badilisha kila baada ya siku 1 hadi 3. Ukifungua utakuta uji mwepesi wa njano, na kidonda kinaonekana kimepanuka. Usiogope, ni nyama iliyokufa imeyeyuka. Usaha una dalili zake: harufu mbaya, wekundu unaosambaa, pembeni pa moto, homa. Hapo ni hospitali, siyo tyubu nyingine.

Kwa wabanguaji wa korosho wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, jeli hii ina nafasi yake, ila kwa mpangilio. Mafuta ya ganda hubabua ngozi, na maji matupu hayayatoi. Osha kwa sabuni na maji mengi mara kadhaa kwanza. Ukipaka jeli juu ya mafuta unayafungia ndani yaendelee kuchoma. Jeli ni ya baadaye, ngozi iliyoungua ikishakauka na kuwa ngumu.

Ya kipande, yaani jeli iliyotengenezwa bapa kama bandeji, ni nzuri kwa jeraha dogo la moto: inapoza, na nyingine zinaonyesha kidonda bila kufunua. Lakini chini ya feni kingo zake hukauka na kujikunja, na gundi ya pembeni haikai kwenye jasho, kwa hiyo zungushia plasta ya karatasi. Haichukui nafasi ya maji ya bomba ya dakika 20. Mtoto aliyeungua eneo kubwa usimfunike nayo, atapoteza joto la mwili.

Kidonda kinachotiririka majimaji hakiihitaji kabisa. Mwenye kisukari ambaye kidole chake cha mguu kimekuwa cheusi kikavu, damu haifiki, asikiloweshe kwa jeli yoyote. Kiachwe kikavu na aende hospitali leo.

Dukani, soma joto la kuhifadhia kabla ya bei. Likiandikwa nyuzi 25, duka la bati lisilo na kiyoyozi Lindi mwezi Desemba halifai, hata kama tarehe ya kuisha bado mbali. Minya pakiti: ikivuja au ikiwa imevimba, rudisha.