Arifa za hakimiliki Kanada: tarishi mzuri, bahasha mbovu

Anayelipia intaneti Kanada ananunua pia, bila kuiona kwenye bili, huduma ya kupelekewa arifa za hakimiliki, yaani maonyo kwamba muunganisho wako umegawa kazi ya mtu, kama filamu, bila ruhusa. Watoa huduma wanalazimika kuzipeleka tangu tarehe 2 Januari 2015. Wakala wa mwenye filamu hujiunga na torenti, njia ya watu kugawiana faili moja kwa moja, hunakili anwani za IP (namba za miunganisho yao ya intaneti), kisha humwandikia mtoa huduma. Huyu humtafuta mteja aliyekuwa na anwani ile saa ile, humtumia barua pepe, na hutunza kumbukumbu miezi 6. Jina la mteja halitolewi mpaka mahakama iamuru.

Kwa mteja, huu ni utaratibu wa afadhali sana. Ufaransa, aliyepuuza maonyo ya Hadopi, mamlaka ya hakimiliki mtandaoni, aliweza kukatiwa intaneti, hadi adhabu hiyo ilipofutwa mwaka 2013. Marekani, mwaka 2019 mahakama ya Virginia iliibebesha kampuni ya intaneti ya Cox fidia ya dola bilioni 1 kwa makosa ya wateja wake. Rufaa ilitengua kiasi hicho mwaka 2024. Kampuni inayoogopa mzigo kama huo hukata kwanza, maswali baadaye. Kanada mtoa huduma ni tarishi: asipopeleka arifa anaweza kudaiwa dola 5,000 hadi 10,000, lakini sheria hiyo haimtaki amkatie mtu.

Ubovu uko kwenye bahasha. Mwaka 2015 kuna wateja waliotishiwa fidia ya dola 150,000, kiwango cha sheria ya Marekani, ilhali Kanada aliyepakua kwa matumizi binafsi hadaiwi zaidi ya dola 5,000 za fidia ya kisheria. Tangu Desemba 2018 arifa yenye dai la malipo, au hata kiungo cha kulipia, ni batili na tarishi halazimiki kuipeleka. Ila mfumo unaosambaza barua bila kuzisoma utaipitisha tu.

Ukiipata, usilipe wala usijibu, sheria haikulazimishi. Tazama saa kwanza. Kwa kawaida huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa: 02:15 ya tarehe 10 Januari ni saa 3:15 usiku wa tarehe 9 kwa Toronto. Wengi huapa kuwa walikuwa wamelala, kumbe wanasoma saa isiyo yao. Ikiwa mtoa huduma wako hugawa anwani moja kwa wateja wengi, tafuta pia namba ya poti, inayotenganisha miunganisho ya anwani moja; isipokuwepo, kumtambua mteja ni kubahatisha.

Kisha fungua programu ya torenti. Filamu iliyokwisha kushuka kwa kawaida huendelea kupakiwa kwa wengine hadi uisimamishe au uifute kwenye orodha, na kupakia huko ndiko kunakonaswa. Badilisha nenosiri la Wi-Fi, zima WPS (njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri), wageni wape mtandao wao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikataa kumhukumu mtu kwa sababu tu intaneti imeandikishwa kwa jina lake, basi arifa itunze, usiifute: huenda ukaihitaji kujitetea.

Jambo moja linaudhi zaidi ya yote: arifa nyingine huangukia kwenye sanduku la barua pepe ulilofunguliwa na kampuni siku ya kuunganishwa, ambalo hujawahi kulitazama. Ingia kwenye akaunti yako, weka anwani unayoitumia kila siku.