Ofisi ya maveterani ya kaunti: nlienda kurekebisha DD-214 yangu, ile karatasi ya kutoka jeshini, hivi ndo ilivokua

Nyota nne kati ya tano, na huduma ni bure, hata senti hawaitishi.

Naandika hii kwa ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani na wanasoma Kiswahili, na wako wengi, manake ile programu ya MAVNI, ya kuingiza jeshini wageni wenye lugha au ujuzi unaohitajika, ilipoanza 2009 Kiswahili kilikua kwenye orodha ya lugha zilizokua zinatakiwa na wengi wetu tulipita mlango huo. Mimi mtoto wa Kisauni, Mombasa, nlikua hapa kwa viza ya mwanafunzi, nikaingia 2010, uraia nikaupata nikiwa bado mafunzoni Fort Jackson, kisha nikapewa kazi ya udereva wa malori. Nikatoka 2014.

Sasa siku ya kutoka unapewa DD-214. Nyie mliopitia mnaijua, ni karatasi tu lakini ndo jeshi lako lote limefungwa mle ndani, ulienda wapi, ulipewa nini, ulitokaje. Karani aliniwekea mbele akaniambia soma uweke saini, na nyuma yangu kulikua na foleni na mimi nlikua na ndege ya kukamata jioni hiyo, nikatia saini. Ikaingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikakaa chini ya nguo miaka tisa.

Kilichonifanya niitoe ni kifua. Nlianza kupata pumu baada ya kutoka jeshini, na ile sheria ya PACT iliposainiwa 10 Agosti 2022 nikasikia wenzangu wanasema pumu iliyoanza baada ya utumishi imo kwenye magonjwa yanayohesabiwa kua yametokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka, ilimradi uthibitishe ulikua sehemu zilizotajwa, na Afghanistan imo. Nikasema hili langu rahisi, mimi nlikua Kandahar mwaka mzima, Machi 2011 mpaka Machi 2012, tunaendesha mzigo kwenda Qalat kwa ile barabara kuu namba 1, tukirudi kambini tunalala tukivuta ule moshi na harufu ya lile bwawa la maji machafu ambayo aliyepita Kandahar hawezi kuisahau. Nikapeleka madai kwa VA, idara ya serikali ya mambo ya maveterani. Nikajibiwa hakuna rekodi ya mimi kua Afghanistan.

Nlikaa kitandani na ile karatasi nikaisoma kwa mara ya kwanza vizuri. Boksi la 12f, utumishi wa nje ya nchi, sufuri sufuri sufuri. Boksi la 13, la medali na beji, ziko mbili tu zile ambazo karibu kila aliyeingia enzi zetu anazo. Boksi la 18 ambalo lingekua na mstari wa Afghanistan na tarehe za kwenda na kurudi, hamna kitu. Mwaka wangu mzima haupo. Yule dereva mwenzangu ambaye gari lake liliruka na bomu la barabarani mbele ya macho yangu, kwa mujibu wa hiyo karatasi mimi sikua pale. Nililia, sitaficha.

Kabla sijafika kwenye hii ofisi nlipigiwa simu na kampuni moja, sijui namba yangu waliitoa wapi, wakaniambia watanirekebishia kila kitu kwa dola 1,500, nusu mbele. Nlikua karibu kulipa. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa msikitini kwetu ambaye mumewe alikua Navy, akaniambia mwanangu usitoe hela, nenda kaunti, kuna ofisi ya maveterani pale, kazi yao ni hiyo na wanalipwa na kaunti. Mimi miaka yote naishi Texas sikujua, kumbe hapa kaunti ikifika watu 200,000 sheria inailazimisha iwe na ofisi hiyo.

Ofisi yenyewe ni vyumba vitatu, viti vya kusubiria havitoshi. Nlipokelewa na mzee mmoja, naye veterani wa Marine, na cha kwanza alichofanya hakuniuliza shida yangu ni nini, aliomba DD-214 akachukua rula ya plastiki akawa anaiteremsha boksi kwa boksi ananiuliza, hii sawa? hii sawa? Akagundua hata jina langu la kati lina herufi moja imekosewa, kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukiona, na sisi wenye majina ya Kiswahili tulitazame hilo kwa makini sana manake karani asiyejua jina lako anaandika alivosikia.

Kisha akachukua karatasi tupu akaigawa sehemu tatu, na hapa ndo nlipoanza kumuamini.

Sehemu ya kwanza ni medali ambazo haziombwi na mtu, ulikua pale kwa muda unaotakiwa basi ni yako, haja yake ni ushahidi tu. Kwangu ilikua Medali ya Kampeni ya Afghanistan, na akaniambia sio hiyo peke yake, inakuja na vinyota vya shaba kwa kila awamu ya vita uliyoikuta, na mimi nimekuta awamu mbili kwasababu moja iliisha 30 Juni 2011 na nyingine ikaanza 1 Julai, kwaivo vinyota viwili. Na medali ya NATO. Na Good Conduct, medali ya mwenendo mwema, ya miaka mitatu ya mwanzo, ambayo ilipitishwa lakini haikuandikwa. Sehemu ya pili ni zile ambazo zinahitaji amri ya maandishi na watu walioona, yaani kwangu Combat Action Badge, ile beji ya wasio wanamiguu waliopambana na adui ana kwa ana au kushambuliwa, iliyoanzishwa 2005 na kurudishwa nyuma mpaka Septemba 2001. Sehemu ya tatu ni zile nishani ambazo lazima mtu akupendekeze, kiongozi wako au mtu aliyejua ulichofanya, na hizo ukichelewa ndo mlima wenyewe, lakini kuna sheria inaruhusu mbunge wako au seneta apeleke pendekezo lililochelewa liangaliwe upya. Kwenye hiyo ya tatu hakuandika kitu. Aliniuliza kuna mtu aliwahi kukwambia amekupendekeza? Nikasema hapana. Akasema basi tusijaze tusichokua nacho, itaharibu zilizo za kweli. Nlipenda hilo.

Na ushahidi sasa. Mimi amri ya safari nlikua nimeipoteza. Yule mzee akaniuliza stakabadhi za mshahara unazo? Jamani, hili kila mtu alijue: ukiwa sehemu ya vita stakabadhi yako ya mshahara inaonyesha posho ya hatari ya adui, dola 225 kwa mwezi, na inaonyesha mshahara haukukatwa kodi ya mapato. Mimi nlikua nazo kwenye emaili ya zamani, miezi kumi na mbili mfululizo. Jeshi lilinilipa kwa kua Afghanistan lakini DD-214 inasema sikwenda. Akazipanga, akaongeza kadi yangu ya chanjo za kule, tathmini ya mwaka ile yenye jina la kambi, na maelezo ya kiapo ya madereva wawili niliokua nao siku ya shambulio. Mmoja yuko Ohio, hatukua tumeongea miaka sita, nlimpigia akanyamaza kwenye simu halafu akasema nitumie fomu, usiku huohuo akaandika kurasa mbili. Ana kumbukumbu ya vitu mimi nlivisahau, ameandika mpaka rangi ya lori lililokua mbele yetu.

Watu wengi wanadhani ukiona kosa unakimbilia moja kwa moja kwenye bodi, ile ya fomu DD-149. Mzee alinikataza. Bodi za kurekebisha rekodi zipo tangu sheria ya 1946, kabla ya hapo ilibidi Bunge lipitishe sheria ya mtu mmoja mmoja ili rekodi yake ibadilishwe, lakini bodi ni ya mwisho, inataka uwe umemaliza njia za chini kwanza. Kwa sisi wa Army, jeshi la nchi kavu, makosa ya wazi kama yangu yanaanzia Human Resources Command, ofisi ya mambo ya wanajeshi wa Army, Fort Knox, na wakikubali wanatoa DD-215, karatasi ya marekebisho ya DD-214. Ukikataliwa ndo unapanda bodini, na muda ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kukusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, kwaivo usikate tamaa ukiwa umepitisha. Sheria inaitaka bodi imalize maombi tisa kati ya kumi ndani ya miezi 10 na lisiwepo linalozidi 18, jipangeni kwa huo muda.

Siku ya pili nlipoenda kulikua na babu kwenye kiti cha magurudumu, amepigana Korea, anaishi na mjukuu wake ndo alimleta. Faili lake ni moja ya yale yaliyoungua St. Louis kwenye ghala la rekodi za wanajeshi, ule moto wa 12 Julai 1973 ulioteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi ni ya Army waliotoka kabla ya 1960. Nlidhani huyo basi, hana tena njia. Lakini nlisikia wakimueleza mjukuu kwamba rekodi zinaweza kujengwa upya kutoka kwa vocha za malipo ya mwisho na zile ripoti za asubuhi za kikosi, na wakaanza kumjazia fomu SF-180, ya kuomba rekodi za jeshi, palepale. Yule babu alikua ananishika mkono ananiuliza na wewe binti ulikua wapi, nikamwambia Kandahar, akasema umefanya vizuri umekuja mapema.

Nlimkumbuka babu yangu mzaa mama, mtu wa Voi, alikua keya, askari wa KAR wa Waingereza. Vita vya pili vya dunia alipelekwa Burma, alikua akituhadithia mto Chindwin na mvua isiyokatika na wenzake waliokufa kwa homa. Alichorudi nacho ni koti na kipande cha karatasi ambacho mchwa walikila. Medali sikuwahi kumuona nayo, na sasa yuko kaburini na hatuna hata namba yake ya jeshi ya kuulizia. Ndo maana watu wakiniambia achana na mambo ya utepe, pesa utapata kwingine, siwaelewi. Paris Davis alikua kapteni wa Special Forces, akapigana Bong Son, Vietnam, Juni 1965, mapendekezo yake yakapotea, yakaandikwa tena yakapotea tena, akaja kuvishwa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, Machi 2023 akiwa na miaka 83. Miaka karibu 58 watu waliokua naye hawakuacha kuandika.

Haya na mapungufu ya hii ofisi nayasema, yapo. Simu hawashiki, nlipiga wiki mbili, mwisho nikaenda mwenyewe kuchukua miadi na nikapewa ya wiki tano mbele, mtu anayetoka kazi za zamu hilo ni gumu. Bado vitu vingine wanatuma kwa faksi, na safari moja kurasa hazikufika zote ikabidi turudie. Na kubwa kuliko hayo, kijana wa mapokezi siku ya kwanza alinipa fomu DD-293, hiyo ni ya mtu anayetaka kupandisha daraja la kuachishwa kwake jeshini, haihusiani na medali kabisa, na kama yule mzee asingeiona ningepoteza miezi. Ukienda hakikisha unaonana na afisa mwenyewe aliyeidhinishwa. Nyota moja nimeitoa kwa hayo.

DD-215 ilifika baada ya miezi saba. Miezi kumi na mbili ya utumishi wa nje imo, Afghanistan imo na tarehe zake, medali ya kampeni na vinyota viwili, NATO, Good Conduct, jina langu limeandikwa sawa. Msidhani inafuta ile ya zamani, haifuti, zinakaa pamoja, popote unapotoa DD-214 unaambatanisha na 215, kwaivo pigeni kopi nyingi na msimpe mtu yeyote orijino. Madai ya pumu nimeyafungua upya na karatasi hizo mbili juu. Beji bado, inahitaji amri yake yenyewe, maelezo ya kiapo yako Fort Knox na mzee aliniambia mwanzoni kabisa hii itachukua muda wake, anaifuatilia na kila nikimuandikia ananijibu siku hiyohiyo.

Mama nlimpigia video Kisauni nikamuwekea karatasi mbele ya kamera, Kiingereza hasomi, akaniuliza wapi pameandikwa Afghanistan, nikamuonyesha kwa kidole, akataka nimsogezee karibu zaidi.

Yule mwenzangu wa Ohio baada ya kuniandikia ushahidi alitoa DD-214 yake sandukuni. Boksi la 18 lake liko sawa lakini la 13 halina beji na yeye ndiye gari lake liliruka. Nimemtafutia ofisi ya kaunti yake, wamempa miadi Alhamisi saa nne asubuhi, na mimi nshaandika maelezo yangu ya kiapo, kurasa tatu.