Jiko banifu na mtungi wa ruzuku: kipi kinafaa jikoni Mtwara na Lindi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, ukilenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mkazi wa Tandahimba, Newala au Nachingwea anauona mkakati huo katika vitu viwili vya kushika mkononi: mtungi wa gesi wa kilo 6 unaouzwa nusu bei kwa ruzuku ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na jiko banifu, yaani linalobana matumizi ya mkaa, ambalo Serikali inalipia zaidi ya robo tatu ya bei. Tunavitathmini vyote viwili, na pamoja navyo mkaa mbadala wa maganda ya korosho, kwa sababu huwezi kulipima jiko bila kujua litachoma nini.

Msimamo wetu ni huu: jiko banifu lichukue bila kusita likifika wilayani kwako. Mtungi uchukue baada ya kupiga hesabu ya kuujaza tena.

Tuanze na mtungi, maana ndio unaogombewa. Watu wengi wa Mtwara wanaamini gesi ya mtungi inatoka Mnazi Bay, hivyo wanashangaa bei yake. Gesi ya Mnazi Bay, kama ile ya Songo Songo kule Kilwa, ni gesi asilia. Hiyo husafiri kwa bomba na haiingii kwenye mtungi wa kilo 6. Ya mtungini huagizwa kutoka nje kwa meli na kuletwa kusini kwa barabara, na gharama ya njia yote hiyo inalipwa na anayejaza mtungi Masasi au Liwale. Tofauti hiyo ina hatari pia: aliyeunganishiwa bomba la gesi asilia asihamishie humo jiko la mtungi bila fundi kubadilisha nozeli, kwa kuwa tundu na mgandamizo wa gesi hizo mbili si sawa.

Ruzuku inakupa mtungi ukiwa na gesi yake ya kwanza, kichomeo na chuma cha kuwekea sufuria. Inaishia hapo. Kujaza tena ni juu yako, kwa bei ya soko, kwa hiyo hesabu yenyewe inaanzia mtungi wa pili. Kilo 1 ya gesi hiyo ina takriban megajuli 46 za joto, na kichomeo kinafikisha kwenye sufuria kama asilimia 55. Mkaa mzuri una megajuli 29 hivi kwa kilo. Jiko la bati la kawaida hufikisha asilimia 20 tu, ilhali banifu lenye kauri nzima hufikisha kama 35. Ukizidisha utaona kwamba mtungi mmoja wa kilo 6 unafanya kazi ya kilo 26 za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 15 kwenye jiko banifu.

Sasa chukua mkaa wa mtaani kwako, uupime kwa kilo wala si kwa kopo au debe, upate bei ya kilo moja. Ikiwa ni shilingi 800, basi anayepikia jiko la bati anatumia 20,800 kupata joto la mtungi mmoja, na mwenye banifu anatumia 12,000. Linganisha na bei ya kujaza mtungi hapo ulipo. Sehemu nyingi gesi itakaribiana na jiko la bati au kulishinda, lakini italiacha banifu likiwa nafuu. Hii ndiyo sababu mitungi mingi ya ruzuku inaishia uvunguni: ilinunuliwa msimu wa korosho fedha za mnada zikiwa mkononi, ikaisha gesi wakati wa kupalilia, na shilingi za kuijaza kwa mkupuo hazipo. Mkaa unanunuliwa wa mia tano leo na wa mia tano kesho.

Ukijaza, dai mizani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inamtaka muuzaji awe nayo. Kwenye shingo ya mtungi zimegongwa herufi TW na uzito wa mtungi mtupu; jumlisha 6 na ndio uzito unaotakiwa kuuona. Kisha funga kichomeo, paka povu la sabuni kwenye maungio, fungua gesi bila kuwasha. Povu likivimba, mpira mdogo wa ndani umechoka au haupo. Ni kitu cha bei ndogo sana, na uvujaji mwingi unaanzia hapo.

Kasoro kubwa ya mtungi huu kwa jikoni kwetu ni ugali. Sufuria inakaa juu ya kichomeo kilichofungwa juu ya mtungi mwembamba, na anayesonga ugali wa muhogo wa watu sita anasukuma kwa nguvu kutoka pembeni. Mtungi unayumba. Chai, mayai, kupasha kiporo, kukaanga samaki wawili watatu: hapo hauna mpinzani. Ugali wa familia kubwa usongee kwenye jiko lililokaa chini.

Jiko banifu sasa. Nje ni bati, ndani ni kauri ya udongo uliochomwa, katikati kuna tabaka la kuzuia joto lisitoke, na chini kuna mlango wa hewa. Kazi yote inafanywa na kauri na mlango huo, kwa hiyo kabla ya kulipa kagua hivyo viwili kuliko rangi. Gonga kauri kwa kucha. Iliyo nzima inatoa mlio mkali, yenye ufa inatoa sauti butu. Litikise jiko: kauri ikicheza, tabaka la katikati limeachia na joto litapotelea kwenye bati. Fungua na kufunga mlango. Usiofunga kabisa unakunyima akiba yote uliyoifuata. Weka sufuria yako ya kila siku juu yake uangalie kama inakaa kwenye vishikilio ikiacha upenyo wa sentimita moja hivi kuizunguka. Sufuria inayoziba mdomo wa jiko inaunyima moto pumzi.

Siku ya kwanza washa moto mdogo kwa nusu saa, uache upoe wenyewe. Kauri mpya ina unyevu, na moto mkali wa ghafla unaipasua. Baada ya hapo, washia nje mlango ukiwa wazi, subiri mkaa ushike na juu uanze kuwa mweupe, ndipo uweke sufuria. Ikichemka, funga mlango hadi ubaki upenyo mdogo. Mbaazi kavu zilizolowekwa usiku kucha zinaiva vizuri kwa moto huo mdogo, na pweza pia. Anayeacha mlango wazi mwanzo hadi mwisho anachoma mkaa kama wa jiko la bati halafu anasema banifu ni uongo.

Majiko haya yanakufa kwa sababu zinazojulikana. Maji ya kuzimia moto ndiyo yanayoongoza, maana kauri yenye moto ikimwagiwa inapasuka papo hapo. Mkaa uliobaki uhamishie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, uzimike kwa kukosa hewa, kesho utautumia. Pili, kurundika mkaa mpaka uinue sufuria. Tatu, majivu yasiyotolewa, yanayoziba matundu ya chini. Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko kuna la nne: hewa ya chumvi inakula bati kuanzia kwenye kitako. Liinue juu ya matofali mawili, usiliache kwenye sakafu yenye unyevu. Na popote ulipo, mkaa wa aina yoyote unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usipike wala kulala na jiko kwenye chumba kilichofungwa, hata liwe banifu namna gani.

Mkaa mbadala ndio unaotugusa zaidi, kwa kuwa mkakati unauhesabu miongoni mwa nishati za kupikia zinazotakiwa kuchukua nafasi ya kuni na mkaa wa miti, na malighafi yake iko mlangoni petu. Takriban theluthi mbili ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Korosho ikipakiwa ghafi bandarini Mtwara, na ganda linapanda meli. Kwa maana hiyo, kila korosho inayobanguliwa hapa inaacha nishati hapa, na sera ya ubanguaji wa ndani ni sera ya nishati hata kama haiitwi hivyo.

Ganda bichi halifai jikoni. Lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Linatakiwa likamuliwe mafuta kwanza, kisha ligeuzwe kuwa makaa. Kwa pipa la lita 200 lililotobolewa kitako, maganda makavu yaliyokamuliwa yanajazwa kidogo kidogo juu ya moto mdogo. Moshi mzito wa mwanzo ukipungua na kuwa mwembamba wa rangi ya samawati, pipa linafunikwa, kitako kinazibwa kwa udongo, na linaachwa hadi kesho yake. Kilo 100 zinatoa kilo 25 hadi 30 za makaa. Yanasagwa, yanachanganywa na uji wa muhogo uliopikwa kwa kilo 5 hadi 8 za unga kwa kila kilo 100 za vumbi, yanashindiliwa na kuanikwa siku tatu hadi tano za jua. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zikiwa zimeshika, vichanja vyenye paa la nailoni angavu ni lazima, vinginevyo uji unaota ukungu.

Mkaa huo ukiuziwa, chukua kipande ukisugue kwenye karatasi nyeupe. Alama nyeusi kavu ni nzuri. Alama ya kahawia yenye mafuta inakuambia ganda halikuungua sawasawa. Rudisha, la sivyo utawatoa watu machozi nyumba nzima. Kisha kiangushe kutoka usawa wa kiuno: kikisambaratika, uji ulikuwa mdogo. Wapo pia wanaoongeza udongo ili kupata uzito. Choma kilo moja upime majivu. Yakizidi gramu 150 hivi, anza kutilia shaka, na yakifika 300, umenunua tope. Mkaa mzuri wa maganda unachukua dakika 15 hadi 20 kushika, ukishashika unadumu, na hautaki kuchokonolewa. Weka vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini kuuwashia. Ukiwa ndani ya jiko banifu, ndiyo nishati tunayoipendekeza kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu.

Kwa taasisi mambo ni magumu zaidi. Zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Shule inayoona maganda ya bure kiwandani inaweza kushawishika kuyatupia mbichi chini ya masufuria ya lita 100. Isifanye hivyo. Mafuta yanageuka lami, yanaganda ndani ya bomba la moshi, linaziba, na moshi unarudi kwa wapishi. Kiwanda cha kubangua kinaweza kuchoma mashudu ya maganda yaliyokamuliwa kwenye boila ya mvuke, mradi bomba likwanguliwe mara kwa mara, na hayo ndiyo matumizi bora kwake. Kuzalisha umeme wa kuuza kunaruhusiwa pia: utaratibu wa wazalishaji wadogo unafika hadi megawati 10, na aliye chini ya megawati 1 haombi leseni, anajisajili EWURA. Kampuni ya miti ya TANWAT ya Njombe imefanya hivyo kwa mabaki ya miti na kiwanda cha sukari cha TPC cha Moshi kwa makapi ya miwa. Ila wao wana mabaki karibu mwaka mzima. Mbanguaji anayesimamisha mitambo korosho zikiisha asinunue turbaini kabla hajajua atachoma nini mwezi wa saba.

Kwa upande wa utaratibu wa ruzuku, kumpata mlengwa kwa kitambulisho cha NIDA, kaya moja kifaa kimoja, ni sawa. Kinachokosekana ni vipuri. Kauri ndiyo inayochakaa kwanza na bado bati linakuwa zima, lakini ruzuku inalipia jiko jipya wala si kauri ya kubadilisha. Wafinyanzi wapo kusini. Wakipewa vipimo vya jiko moja na mafunzo ya kuchanganya udongo unaostahimili moto, kauri zingepatikana kila wilaya. Kwa sasa, kabla hujalipia muulize muuzaji: kauri ikipasuka, ya kubadilisha inauzwa wapi na kwa shilingi ngapi? Akikosa jibu na kuna aina nyingine kwenye meza hiyo hiyo, chukua hiyo nyingine hata kama bei yake imezidi kwa shilingi elfu mbili.