Modeli za ndege: 1/72 au 1/48?
Spitfire halisi, ndege ya kivita ya Uingereza ya injini moja, ina upana wa mabawa wa takriban mita 11.2. Kwa kipimo cha 1/72, yaani ikipunguzwa mara 72, inakuwa karibu sentimita 16. Kwa 1/48 inapita 23. Tofauti utaiona ukifika chumba cha rubani. Kwenye 1/72 mikanda ya kiti mara nyingi ni stika tu, au haipo kabisa, na kijiti cha antena kikichomoka kwenye kibano, hukioni tena. 1/48 inakupa nafasi ya kupaka rangi hata mishale ya dashibodi. Ila Lancaster, ndege kubwa ya mabomu, kwa 1/48 mabawa yake yanafika sentimita 65, utaiweka wapi? Kwa ndege ya injini moja nachukua 1/48, kwa za mabomu 1/72. Kinachoniudhi kote ni maboksi: makubwa, nusu yake hewa, na tunayalipia!