Kipimajoto cha kwapani kwa mtoto aliye kwenye kemo (dawa za saratani)

Vipimajoto vya kidijitali vya maduka ya dawa pale Mwanga, Kigoma, vinafaa, ila vina kasoro. Kwapa lenye jasho hushusha namba: likaushe, ncha ikae katikati, mkono ubanwe hadi kilie. Hata hivyo kwapa husoma chini kuliko mdomo, kwa hiyo kikisoma nyuzi 38.0 au zaidi usibishane nacho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Antibayotiki ya mshipa inatakiwa ndani ya dakika 60 tangu mfike. Panadol kwanza? Hapana, inaficha homa. Amoksilini iliyobaki kabatini nayo iache. Kupimia njia ya haja kubwa ni marufuku: chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zikishuka kwa sababu ya kemo, mchubuko mdogo tu huingiza bakteria damuni. Kioo cha kipimajoto mara nyingi hakina taa, usiku shika tochi.