Ushauri wa Sheria kwa Mchezaji Huru: Ofisi ya Wakili, Mwanga, Kigoma

Mdogo wangu ni kiungo wa timu ya soka ambaye mkataba wake ulikuwa ukingoni, na kiongozi wa klabu moja alikuwa amemwahidi kwa simu ada ya usajili na mshahara, kisha akanyamaza. Tulikwenda katika ofisi ndogo ya wakili iliyopo Mwanga, hapa Kigoma, kuuliza kama ahadi hiyo inadaika.

Nilipenda kwamba hatukupewa jibu la mkato. Wakili alitufungulia kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, akatuonyesha kwamba makubaliano ya hiari baina ya watu wenye sifa, kwa malipo na lengo halali, yanaweza kuwa mkataba hata yasipoandikwa, ila kifungu hichohicho hakigusi sheria nyingine zinazodai maandishi. Upande wa soka, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ibara ya 2, zinamtambua mchezaji wa kulipwa kuwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi, na ibara ya 18 inamruhusu kusaini kwingine pale tu mkataba wake unapokuwa umekwisha au umebakiza muda usiozidi miezi sita. Kwa hiyo ahadi ya simu haimpi kijana usajili, wala haimzuii kuzungumza na klabu nyingine. Akitaka kudai hasara, mzigo wa kuthibitisha kilichosemwa ni wake, na kwa maneno matupu mzigo huo ni mzito.

Maelezo ya wakili kuhusu NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, yalizidi haja yetu, ingawa kisa cha mchezaji DeAndre Jordan kilimwingia mdogo wangu vizuri. Julai 2015 alikubali kwa mdomo kujiunga na Dallas Mavericks, lakini kwa kuwa ligi hiyo ilikuwa katika siku ambazo mazungumzo yanaruhusiwa na kusaini bado, alighairi akarudi Los Angeles Clippers, huku Dallas ikiwa haina karatasi ya kumshikia.

Ada tulitajiwa kabla ya kuketi, jambo ambalo si la kawaida. Kasoro niliyoiona inachekesha kidogo: aliyetusisitizia maandishi alitushauri kwa mdomo mwanzo hadi mwisho, na muhtasari wa ukurasa mmoja tuliupata baada ya kuuomba. Anayekwenda auombe mapema, na abebe nakala ya mkataba unaoisha, kwa sababu swali la kwanza litahusu tarehe yake ya mwisho.