Toyota IST ya zamani: safisha kwanza, nunua spea baadaye

Habari zenu wadau, karibuni. Hii hapa nyuma yangu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini 2NZ ya cc 1298, imeshuka bandarini hivi karibuni kutoka Japani. Injini nzima, bodi safi, ila taa zimepauka, mbele inagonga na sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa gari la umri huu, anza kusafisha, kisha badilisha mipira iliyochoka. Vifaa vya bei vitasubiri.

Tuanze na sailensi. Uko kwenye foleni, gia ipo D, mguu kwenye breki, gari linatetemeka. Fundi mwenye haraka atakwambia koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimekufa. Kabla hujatoa hela, fungua bomba linalotoka kwenye eya klina. Tazameni hapa: ukingo wa kisahani cha throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, wote una utandu mweusi wa masizi. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo utandu huu tu unatosha kuivuruga. Nimetumia dawa ya kusafishia throto na kitambaa laini. Kama throto yako ni ya umeme, usikisukume kisahani kwa nguvu. Ukimaliza, zima AC, acha injini iungurume mpaka ipate joto. Sikilizeni sasa, imetulia kabisa.

Ule mlio wa kok-kok kwenye barabara mbovu, mwendo mdogo, mara nyingi ni stabilaiza linki, kile kifimbo chenye vichwa viwili kinachoshika fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Hii nimeitoa kwenye gari hili: mpira umechanika, grisi imekauka, kichwa kinacheza mkononi. Imefungwa kwa nati mbili tu, basi. Shokapu iliyokufa utaijua, inavuja mafuta na gari linanesa likishapita tuta. Na ukibadilisha bushi za wishiboni, yaani mipira ya ule mkono wa chini unaoshika tairi, simama palepale uone fundi anakaza boliti kwa mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwenye matairi yake. Akikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, bushi inabaki imejisokota na itakatika mapema.

Sasa taa, na hapa ndipo kuna bidhaa ya kuchambua. Ule unjano ni plastiki iliyochomwa na jua baada ya kinga yake ya juu kwisha. Dawa ya meno inang'arisha kweli, lakini hairudishi kinga, ndiyo maana unjano unarudi upesi. Seti hii ya kung'arishia ina misasa ya maji namba 800, 1500 na 2000, polishi, na kichupa cha kinga ya mionzi ya jua. Taa ya kushoto nimeshamaliza, ya kulia bado. Tofauti mnaiona wenyewe. Seti isiyo na kile kichupa usinunue, hata kama wanakupunguzia bei.

Kuna jambo linaniuma sana. Mtu analeta gari, fundi anang'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, anasema huku kwetu joto. Jamani, msikubali! Japani nako kiangazi kuna joto kali. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta, na wewe unashangaa tangi linaisha. Gari likichemsha, kagua feni, rejeta, mfuniko wake na kulanti (maji ya kupozea injini).

Redio ni jambo dogo: redio ya gari la Kijapani la umri huu inashika FM 76 hadi 90, stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Weka ekspanda, kifaa kinachoshusha masafa ya stesheni ili redio izishike, kwenye waya wa antena, mambo yameisha.

Ile stika ya Kijapani ya kubadilisha oil, iliyobandikwa mlangoni, usiibandue. Tarehe yake huenda imeandikwa kwa Heisei, hesabu ya miaka ya Kijapani: mwaka wa Heisei unajumlisha 1988, kwa hiyo Heisei 25 ni 2013. Linganisha kilomita za stika na za dashibodi. Za dashibodi zikiwa chache kuliko za stika, hapo pana swali la kumuuliza aliyekuuzia. Vilevile oil ya gia boksi ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hilo si tatizo dogo tena, na stabilaiza linki haitakusaidia.

Una IST inayokusumbua? Niandikie hapo chini mwaka wake, injini ni 1NZ au 2NZ, na mlio unatokea ukifanya nini: ukikata kona, ukishika breki au ukipita tuta.